Ufa Katika Nyumba ya Injenyeri

Wiki mbili zilizopita mwanangu alianguka kutoka kwenye mparachichi, akavunjika mkono, nikampeleka hospitali kufungwa plasta. Muuguzi alileta beseni la maji, akatumbukiza zile bendeji nyeupe, na harufu ikapanda: harufu baridi ya ukuta mpya uliomwagiwa maji. Aliyevunjika alikuwa mwanangu, lakini aliyeomba kiti nilikuwa mimi. Muuguzi alicheka, akasema akina mama wa siku hizi tumelegea. Sikubishana naye. Ningeanzia wapi kumweleza kwamba harufu ile iliwahi kuingia nyumbani kwetu nikiwa na miaka kumi, na kwamba tangu siku hiyo haijanitoka puani? Ninyi nitawaambia, maana habari hii nimeikalia muda mrefu mno.

Baba yangu alikuwa mchora nyumba. Kwenye karatasi za ofisini aliandikwa msanifu majengo, lakini mjini Gisenyi kila mtu, kuanzia wakubwa hadi muuza karanga, alimwita Injenyeri. Alisomea kazi hiyo Bukavu, akaifanya Goma, na tuliporudi Rwanda aliukuta mji umejaa watu kama sisi, wengine wametoka Kongo, wengine Uganda, wengine Tanzania, kila familia imebanana chini ya paa la kuazima, na kila familia inataka nyumba na inaitaka haraka. Baba akachora. Alichorea sebuleni, juu ya meza ya chakula, na sisi tukawa tunakula mkekani. Alichora nyumba za wafanyabiashara wa mpakani, za walimu, za wanajeshi, za wajane. Ukimuuliza amekwishachora ngapi, alikuna kichwa tu, hesabu ilikuwa imempotea zamani.

Hata hivyo hakuna hata moja aliyoisahau. Kutembea naye mjini kulikuwa adhabu. Watu wengine husalimia watu, baba alisalimia nyumba. Alisimama katikati ya njia akalikodolea macho dirisha la mtu, akinung'unika kwamba wamelipaka rangi ya ajabu, na pikipiki zikimpigia honi. Tukienda harusini alipita akigonga kuta kwa kifundo cha kidole, tok, tok, akitega sikio, huku mama akimvuta koti. Na alikuwa na desturi moja niliyoipenda sana. Kabla ya kuchora mstari wowote alimwomba mwenye nyumba amwite mkewe, kisha akamuuliza yule mama swali lile lile: saa za mchana, kazi zikiisha, unapenda kukaa wapi, ukiangalia nini? Wanaume walikasirika, maana wao walikuja kuzungumzia mageti. Wanawake walicheka kwa aibu, na mmoja alilia kabisa, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza kitu kama hicho. Baba aliandika jibu juu ya karatasi, na nyumba nzima ilianzia hapo.

Ndiyo maana nyumba zake unazitambua hata leo. Msingi ni wa mawe meusi ya volkano yaliyoachwa bila kupigwa lipu, ukumbi wa mbele umepinda kidogo, na mahali fulani kuna dirisha moja pana lisilofanana na mengine, kwa kuwa mama wa nyumba hiyo alipenda kuona migomba, au watoto wakitoka shule, au ziwa.

Mama yangu alipoulizwa swali hilo, alisema anataka kukaa mahali ambapo haoni barabara. Barabara alikuwa ameiona ya kutosha. Kabla ya nyumba ile aliwahi kukaa katika nyumba saba, na kila moja aliihama na kile tu alichoweza kujitwisha kichwani. Basi baba akampa dirisha la nyuma, linaloangalia bustani ya kabichi na kipande cha ziwa kule chini.

Nyumba yetu ilikuwa moja kati ya tisa. Familia tisa zilikuwa zimepata viwanja vilivyofuatana, juu kidogo ya mji, kwenye njia ya kwenda Mahoko, na baba akazichorea zote ramani moja, akibadilisha madirisha tu. Ramani ya kwanza ilikuwa na mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta zote, ule ambao mafundi wa kwetu huuita chaînage, kazi yake kuzishika kuta zisiachane. Majirani walisema mkanda ule utawachelewesha mpaka mvua iwakute nje. Saruji ilikuwa haba, watu walikuwa wamechoka kulala kwa ndugu. Baba alibishana nao juma zima, halafu akachukua kifutio akaufuta. Aliufuta kwenye nyumba zote tisa, yetu ikiwemo, na tukahamia kabla ya mvua kwa shangwe na pombe ya ndizi.

Miaka michache baadaye mlima wa upande wa pili wa mpaka ulipasuka, na moto ukashuka hadi Goma. Majivu yalianguka juu ya kabichi zetu. Hewa ilinuka kiberiti hata ndani ya chai. Watu wa Goma walivuka mpaka kwa maelfu, wakapanda kwa njia yetu wakiwa na magodoro, sufuria, mbuzi, watoto waliofungwa kamba kiunoni wasipotee. Na kabla hatujamaliza kuwahurumia wenzetu, ardhi ya kwetu ikaanza kutetemeka. Ilitetemeka asubuhi, ikatetemeka mchana, mpaka kuku wakaacha kushtuka. Kuta za nyumba zote tisa zikapata nyufa. Ufa mkubwa kuliko yote ulikuwa wa sebuleni kwetu, ulianzia pembe ya dirisha ukapanda hadi dari. Tukahamia uani chini ya shitingi, turubai la plastiki, na majirani wakafanya vivyo hivyo.

Kutoka pale uani barabara ilionekana yote. Mama alikaa juu ya kigoda akawatazama watu wa Goma wakipita, na hakuacha kuwatazama. Alianza kukunja nguo. Alikunja kitenge, akakikunjua, akakikunja tena. Hakula siku ile wala siku iliyofuata. Shangazi zangu wa Kongo walikuwa wameshanisimulia kwa minong'ono jinsi mama alivyokuwa baada ya nyumba ya saba, miezi ambayo hakumjibu mtu, na mimi nilikuwa nikimtazama yule mama wa kwenye simulizi akirudi mbele ya macho yangu. Jioni ya siku ya pili baba alimwambia twende Nyamyumba kwa dada yake mama, mpaka mlima utulie. Mama hakuinua kichwa.

"Papa Aline, minakuambia mara moja," alisema, akimwita kwa jina langu kama kawaida yake. "Mi siwezi kuhama tena. Mukinitosha inje ya hii nyumba, mutabeba mwili tu. Akili itabakia."

Baba aliingia stoo, akatoka na kopo. Ndani ya kopo kulikuwa na plasta ya unga, iliyobaki ngumi moja hivi. Aliikoroga kwa maji, na hapo ndipo nilipoisikia harufu ile kwa mara ya kwanza. Alibandika kipande kimoja kikivuka ufa wa sebuleni, kirefu kama kiganja changu, akakisawazisha kwa kisu cha mezani. Kilipokauka alichora mstari wa penseli juu yake na kuandika tarehe. Watu wa kazi yake walikiita témoin, shahidi wa ukuta. Plasta haivutiki. Ukuta ukisogea hata kidogo, inapasuka, na huwezi kusema hukuona.

Plasta ilitosha ukuta mmoja tu, lakini nyumba zilikuwa ndugu, ramani moja, ardhi moja. Majirani wote walikuja kukitazama kile kibandiko kupitia dirishani. Baba aliwaeleza sheria.

"Kama témoin inakaa siku tatu bila kupasuka, tunaingia. Kama inapasuka, kila mutu anatafuta fasi ingine ya kulala. Bon. Iko hivyo."

Kila asubuhi na kila jioni baba aliingia peke yake, sisi tumezuiwa, na kila alipotoka nyua tisa zilikuwa kimya zikimsubiri. Siku ya kwanza aliitikia kwa kichwa kwamba kimeshika. Siku ya pili vilevile. Mama aliacha kukunja nguo. Siku ya pili mchana alikula viazi viwili, nikavihesabu.

Asubuhi ya tatu baba aliingia mapema, majivu yakiwa bado yameziba jua. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alisema mwanga hautoshi, ataangalia vizuri baada ya chai, akapita kwenda nyuma ya jiko. Kitambo kidogo baadaye nilimwona mama amenawa uso. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kijani, kile cha kanisani, na kufunga kilemba. Alinitabasamia. Nawaambia ukweli, lile tabasamu ndilo lililonipeleka ndani. Sikuweza kusubiri chai. Nilitaka niwe wa kwanza kumpelekea mama habari.

Nikapita mlango wa nyuma. Sebule ilikuwa na vumbi na ubaridi, karatasi za baba zimeviringishwa mezani. Nilipanda juu ya kiti nikakisogelea kibandiko. Kilikuwa kimepasuka katikati, mpasuko mwembamba kama uzi, umeukata mstari wa penseli vipande viwili, na vipande hivyo havikuwa vikitazamana tena.

Sikulia. Nakumbuka nilijishangaa kwamba silii. Nilimwona mama na kilemba chake, nikaona barabara, nikaona vitenge vikikunjwa. Nikaenda bafuni nikachukua dawa ya meno. Nilikanda kidogo kiganjani pamoja na vumbi la chaki ya baba mpaka weupe ukalingana, nikaujaza ule mpasuko kwa ukucha, nikasawazisha kwa kisu kilekile. Kisha nikachukua penseli nikaunganisha mstari, na palipofutika tarehe nikaiandika upya nikiiga mkono wa baba, hata ile saba yake yenye kistari kiunoni. Mwenyezi Mungu anisamehe, kazi ilitoka nzuri na nikajivunia.

Baada ya chai baba aliingia, mama nyuma yake, mimi nyuma ya mama. Baba alivaa miwani. Alisogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa ukuta. Alipitisha kidole juu ya kibandiko, taratibu, kutoka upande huu hadi upande ule, na kidole kikasimama katikati. Mama alikuwa ameshika pindo la kilemba.

"Bon," alisema baba. "Tunaingia."

Mama alikaa chini palepale sakafuni, akalia kwa sauti, kilio cha kushukuru. Mimi nilitoka nje mbio hadi ukumbini.

Ninachowaomba mkielewe ni hiki: sikuwa nimewafikiria majirani. Nilimfikiria mama peke yake. Mtoto hufikiri nyumba yao ndiyo nyumba. Lakini nyua nane zilikuwa zikisubiri, na zilipoona magodoro yetu yanaingia, nazo zikaanza kubeba ya kwao. Watu waliitana juu ya ua, walicheka, redio ziliwashwa. Nilisimama ukumbini nikaona mama mmoja akiingia na pacha wake wawili. Nikaona meza zinapita, vitanda vinapita.

Jirani yetu wa karibu kabisa alikuwa Safari, mfanyabiashara wa vitenge, aliyekaa na mama yake mzee ambaye sisi watoto wote tulimwita Nyogokuru, bibi. Miguu yake ilikuwa imeshamkatalia. Safari na kaka yake walimwinua juu ya kiti chake cha miti, mmoja huku, mwingine kule, wakambeba kumrudisha ndani, naye akifurahi kama bibi harusi. Walipopita mbele ya ukumbi wetu aliwasimamisha. Alifungua pindo la nguo akanipa karanga.

"Kama Injenyeri iko analala mu nyumba yake, mi nitaogopa nini?" alisema. "Kula, mutoto. Juu ya nini unanitazama hivyo? Kula."

Nilizishika zile karanga mpaka zikalowa jasho. Saa sita ikapita, saa saba ikapita. Ardhi ilitikisika mara mbili, kidogo, na mama akasema inaaga. Chakula kiliwekwa, sikukigusa. Mama alinigusa paji la uso akaona nina homa, akaniambia nikalale kitandani kwangu, ndani ya nyumba, chini ya ukuta ule. Kulala sikuweza. Nilihesabu watu wa nyumba tisa. Nilihesabu mapacha, nikamhesabu Nyogokuru, nikafika mwisho nikaanza upya, na kila mara nilipofika mwisho niliwaona wamekufa, na mimi ndiye niliyewaua kwa dawa ya meno.

Nikatoka kitandani nikaenda sebuleni. Baba alikuwa mezani. Alikuwa amekunjua karatasi na kufungua kalamu ya wino, lakini karatasi ilikuwa tupu, na wino umekauka nchani. Nilisimama kando yake. Maneno yalitoka yote kwa mpigo, chaki, kisu, penseli, saba yenye kistari. Nilimwambia anipige, lakini awatoe watu.

Hakunipiga. Hakunitazama hata. Alivua miwani akaiweka mezani, akaifuta meza kwa kiganja ingawa haikuwa na kitu.

"Uliambia mama yako?"

"Hapana."

"Usimuambie."

Kisha akainuka. Nilikuwa sijawahi kumwona baba akikimbia. Alitoka hadi barabarani, akaokota jiwe akaanza kupiga geti la chuma la Safari, na sauti yake, iliyokuwa ya kuzungumza na wateja kwa upole, ikapasuka.

"Mutoke! Batu yote mutoke inje! Muache vitu!"

Watu walichungulia madirishani. Safari alitoka na kijiko mkononi, mdomo umejaa.

"Injenyeri, kuko nini? Si we mwenyewe umeingia?"

"Nilikosea. Safari, nakuomba. Tosha mama yako inje."

Kulikuwa na kitu usoni pa baba kilichomfanya Safari asiulize tena. Akina mama walitoka na watoto mgongoni. Mapacha walitoka. Wazee walitoka wakilalamika kwamba Injenyeri ameanza kuchanganyikiwa. Mama yangu alitoka peke yake, bila kuitwa, kilemba kichwani, akasimama katikati ya ua. Alimtazama baba usoni. Hakuuliza lolote, nami nikamshukuru Mungu kwamba hajui.

Wa mwisho alikuwa Nyogokuru. Walikuwa wamemlaza, ikabidi wamketishe tena kwenye kiti. Baba alisukuma watu akaingia mwenyewe kumshika upande mmoja. Walikuwa mlangoni, kiti kimepita nusu, ardhi ilipojivuta. Haikutikisika kama siku zote. Ilijivuta mara moja, kwa nguvu, kama mtu anavyovuta kitambaa cha meza. Niliona ukuta wa Safari ukiinama kwa nje, taratibu kabisa, ukaachana na mwenzake kwenye pembe, palepale ambapo ule mkanda ungekuwepo. Ukaanguka. Vumbi likatuziba macho. Tulisikia sauti ya Nyogokuru, moja tu, fupi.

Hakufa. Mawe yalimpiga mguu wa kulia na nyonga. Baba alitoka amepakwa vumbi jeupe mwili mzima, bado ameshika kiti. Nyumba tatu kati ya tisa zilibomoka ukuta siku ile, na ufa wa yetu ukapanuka hadi kuingia mkono. Vitanda vilivyokuwa vimerudishwa asubuhi vilifunikwa na mawe. Kama watu wangekuwa ndani, sitaki kuwaambia.

Na hapa ndipo mambo yaliponishinda kabisa, maana watu walianza kumsifu baba. Vumbi halijatua, tayari wanamzunguka, wanamshika mikono. Walisema Injenyeri ana sikio ndani ya udongo. Walisema alilisikia tetemeko kabla halijafika, akaacha vyake, akaokoa vya wenzake. Mama wa mapacha alipiga magoti. Baba alisimama katikati yao bila kusema neno, na wao wakachukua ukimya wake kuwa unyenyekevu. Mimi nilisubiri aseme. Alinitafuta kwa macho juu ya vichwa vya watu, akaniona, akanyamaza. Nikaelewa kwamba ananilinda, na deni hilo nikaona sitalilipa maisha yangu yote.

Tulikwenda Nyamyumba. Baba alinibeba mgongoni sehemu ya njia kwa sababu homa ilikuwa haijashuka. Na mama? Mama hakupoteza akili. Siku tatu alinyamaza, siku ya nne aligombana na dada yake kuhusu chumvi ya samaki, na juma la pili alikuwa akifundisha jirani kushona. Alihama nyumba ya nane kama alivyohama zile saba, kwa miguu yake. Tungeweza kuondoka tangu siku ya kwanza. Nilipolifahamu hilo nililala kifudifudi kwenye majani ya ukingo wa ziwa, na niliomba nisiinuke.

Baba aliendelea kuchora. Alichora zaidi kuliko mwanzo, lakini hakukuwa tena na nyumba isiyo na mkanda, na mikanda yake ilikuwa minene mno mpaka mafundi wakamtania wakimwita Mzee Chaînage. Alizirudia na zile za zamani moja baada ya nyingine, akiwabembeleza wenyewe waongeze nguzo, akisimamia kazi bila malipo, juani, hadi uzeeni. Kila Jumapili baada ya misa alikwenda kumwona Nyogokuru, aliyekuwa hatoki tena kitandani. Baba alikaa karibu na mlango, kofia magotini. Nyogokuru alimwita karibu, akamshika mkono akamwombea, kwa jina, kwamba Mungu amlipe mtu aliyemtoa kwenye mawe. Alimwombea hivyo miaka miwili, kisha akafariki. Mara moja tu nilikwenda naye. Sikurudi tena.

Mimi na baba hatukulizungumza jambo lile kamwe. Tulikula meza moja, nilisoma, niliolewa katika ukumbi aliouchora, nikazaa, na kila tulipobaki wawili mmoja wetu alipata kazi ya kufanya chumba kingine. Niliamini ananiona muuaji na hataki kunitamkia. Alipofariki mwaka jana, Safari, mzee sasa, alisimama msibani akaisimulia habari ya tetemeko, sikio ndani ya udongo na yote, na watu wakalia. Nami nililia, lakini si kwa walichokuwa wakikililia wao.

Siku chache baada ya maziko nilikaa na mama nyuma ya nyumba, tukichambua maharage ya wageni. Kisha, bila kuinua macho kwenye ungo, akasema, "Safari iko anasema vile hajue."

Nikamuuliza hajui nini.

"Ile asubuhi ya tatu. Baba yako aliingia, akatoka, akasema mwanga haitoshe. Nikamufuata. Nilimukuta nyuma ya jiko, iko anatapika, amejifunga mudomo na mukono ili tusisikie." Alitupa harage bovu. "Mutu anatapika sababu ya mwanga, Aline? Nilijua imepasuka. Nikarudi, nikavaa kitenge changu ya kijani, nikaketi. Nilisema kama hatasema, mi pia sitasema. Nilikuwa nataka kulala ku kitanda changu."

Maharage yalikuwa yakimwagika mikononi mwangu na sikuyaona. Basi kidole kile kilichosimama katikati ya plasta hakikudanganywa. Alijua kabla yangu. Alikuwa amekwisha kuona ukuta umesogea, akatoka bila ujasiri wa kumwambia mkewe, na aliporudi baada ya chai akakuta mtu amemfanyia kile alichokuwa akikitamani. Mtu aliyebandika plasta maisha yake yote alipitisha kidole juu ya dawa ya meno ya bintiye, akaipokea.

"Mama," nikasema, "mi ndiye niliiziba. Na dawa ya meno."

Mikono yake ikasimama. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, aliweka ungo chini akanitazama.

"Mana we, Mungu wangu," alisema. "Basi tulikuwa batatu."

Kwa zaidi ya miaka ishirini nilidhani watu wazima hawakujua, na kwamba mtoto mmoja mbaya aliwaficha. Nilidhani baba ananikwepa kwa sababu ya kosa langu, kumbe naye alinikwepa kwa sababu ya la kwake, na mama alituhudumia wote wawili chakula huku akimeza la kwake. Tulipendana sana katika nyumba ile, hilo sitakubali mtu alipinge. Kila mmoja alikuwa tayari kufa chini ya ukuta ule ili mwenzake asihuzunike. Lakini siku ile, Nyogokuru alipobebwa kurudishwa ndani, baba alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu, na mama dirishani, na yule bibi alipogeuka kutuaga, sisi sote watatu tulimpungia mkono.